Siku Niliyobaki Kulinda Pikapu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka, na mimi sasa ni mzee wa kuvaa sweta mbili ikifika Julai. Sijawahi kukusimulia. Lakini Jumapili ulipokuja kunisalimu na hiyo pikapu yako, moshi umejaa uani mpaka jirani akafunga madirisha, ukanilalamikia fundi aliyekukataza kuiendesha, kisha ukaniuliza kama uitengeneze au ununue nyingine, mimi nikajifanya nasinzia. Sikuwa nasinzia. Nilikuwa nikiufikiria mkono wa mama yangu. Basi leo keti, chai ipo, na hiyo simu iweke mfukoni.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Mbotela mjini. Kabla ya hapo tulikaa Makongeni, katika nyumba za reli, maana baba yangu alikuwa karani wa reli. Alipostaafu, kiinua mgongo chake kilimezwa na kitu kimoja tu, pikapu ya mtumba yenye rangi ya maziwa. Mama alinuna wiki nzima kwa sababu yeye alitaka ng'ombe. Halafu siku ya Pasaka baba akampeleka kanisani, mama amekaa mbele kama mke wa diwani, na habari ya ng'ombe ikaishia hapo. Baba mwenyewe hakuifaidi sana. Miaka miwili baadaye alifariki, na pikapu ikaja kwangu mimi, kifungua mimba.

Niliipenda ile pikapu, sikufichi. Kazi zangu zote za kubeba mizigo nilizifanya nayo: vinyago vya wachongaji, makabati ya watu wanaohama, magunia ya makaa. Watoto wa mtaa waliiita Shosho, yaani nyanya, kwa jinsi ilivyokohoa asubuhi kabla ya kuwaka. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo la baba, na ukifungua kile kisanduku cha mbele, harufu ya ugoro wake bado ilikuwamo. Kuna asubuhi nilikifungua tu, wala sikuwa natafuta kitu.

Sasa, ndugu yangu mdogo, Musyoka, alipata mchumba huko Kangundo. Kwetu Ukambani unajua hakuna ndoa bila ntheo, wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana ndipo ahesabiwe kuwa mke. Siku ikapangwa. Mimi ndiye mkubwa na pikapu ni yangu, kwa hiyo safari ilikuwa juu yangu. Wiki mbili kabla, nikaipeleka kwa Mzee Salim ikaguliwe.

Mzee Salim ndiye aliyekuwa fundi wetu tangu enzi za baba. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu mpole, gereji yake kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya Mbotela. Mikono ilikuwa myeusi kwa grisi lakini kofia yake nyeupe daima ilikuwa safi, sijui alifanyaje. Aliingia chini ya gari akakaa humo muda mrefu, kisha akaniita.

"Kyalo, hebu njoo ulale hapa utazame mwenyewe."

Nikalala kando yake. Akachukua bisibisi akaisukuma kwenye chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari, pale karibu na springi za nyuma, na ile bisibisi ikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Injini ingali nzima," akasema. "Lakini chuma hiki kimeoza. Gari hili limekutumikieni, mwanangu. Tafuta jingine."

"Huwezi kukiunga kwa weldi?"

"Naweza. Lakini sitaki kukuona umempakia mtu humu."

Usidhani ni uhaba wa pesa ulionisumbua. Akiba nilikuwa nayo, na hata pikapu nyingine nilikuwa nimeonyeshwa, nzuri tu. Lakini nilitoka pale nimekasirika, nikijiambia mzee huyu macho yameisha. Nikaenda kwa fundi wa pili. Huyo hakuhitaji hata bisibisi, alichungulia mara moja akatikisa kichwa. Nikamwona naye hajui kazi. Nikavuka Jogoo Road nikampata wa tatu, kijana mchangamfu aliyekuwa anatafuna miwa.

"Hii ni kitu kidogo, bosi," akaniambia. "Hao wazee wanakutisha bure. Tunapiga weldi, tunaweka pleti mbili, unarudi barabarani. Hata mawe utabeba."

Mwanangu, maneno yale yalinikolea kuliko mahubiri. Nikampa kazi. Akaiunga, akaipaka rangi mpya, ikang'aa. Nikapita nayo mbele ya gereji ya Mzee Salim nikipiga honi kwa makusudi kabisa. Aliinua mkono akaitikia salamu, akarudi kwenye kazi yake.

Asubuhi ya safari tukapakia mbuzi nyuma, Musyoka akapanda nao akiwa na suti yake ya kuazima. Mama akaja na leso mpya na kikapu cha kiondo alichokisuka mwenyewe cha kumpelekea mkwe. Mama alikuwa msusi, wewe. Viondo vyake vilikuwa laini hadi ungedhani ni kitambaa. Akasimama mlangoni mwa pikapu kabla ya kupanda, akaniuliza, "Mzee Salim amesema nini?"

"Amesema iko sawa," nikajibu, huku nikifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Akanitazama kidogo, akapanda.

Tulikwenda vizuri, tunaimba hata nyimbo za kanisa, mpaka tukapita Kamulu. Barabara ya Kangundo siku zile ilikuwa na mashimo ya kuogea watoto. Nikaingia shimo moja ambalo nilikuwa nimeingia mara mia moja, nikasikia mlio chini yangu, kitu kikakatika, sehemu ya nyuma ikalala, usukani ukanitoka, tukatumbukia mtaroni. Mbuzi mmoja akaruka akakimbilia shamba la mahindi, na Musyoka akamfukuza na suti yake akipiga kelele. Hata leo akisimulia sehemu hiyo watu hucheka hadi wanashika mbavu. Mimi sikucheka. Mama alikuwa amejikinga kwa mkono wa kulia pale mbele, na kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa upande ambao hakipaswi kukaa.

Hakulia. Alifungua leso akaniambia nimfunge, nami nikamfunga. Nikamsimamisha dereva wa lori lililokuwa likienda mjini, nikamwomba apitie Mbotela amwambie Mzee Salim tumekwama. Kisha likatokea gari la mboga likielekea Tala na Kangundo, likasimama.

"Mama, hawa watakushusha Tala, uende hospitali," nikamwambia.

"Nitakwenda. Mbuzi kwanza."

"Mama!"

"Wakwe wanangoja tangu asubuhi, Kyalo. Huyu mtoto hataaibishwa kwa sababu ya mkono wangu. Pakieni mbuzi."

Ukibishana na mama utabishana hadi jua lizame. Tukapakia mbuzi wote watatu, Musyoka akapanda nao. Alipokwisha kukaa mbele na dereva, akaniuliza, "Na wewe je?"

Hapa ndipo masikio yanaponiwaka, mwanangu. Nilimwambia, "Nitabaki kulinda gari. Nikiliacha hapa watachukua magurudumu."

Akaufunga mlango kwa mkono mzima. Wakaenda.

Nikakaa kando ya barabara saa nyingi. Nilijishughulisha, nikafuta matope kwenye milango, nikachungulia chini nikaona pleti za yule kijana zimebanduka, bado zimeshikilia kipande cha chuma kibovu. Nikafungua kisanduku cha mbele nikanusa. Alasiri likasimama gari dogo, akashuka Mzee Salim na kamba ya kuvutia begani. Nikajikaza kusubiri aniambie, "Nilikwambia." Hakuniambia. Hata hakuitazama pikapu.

"Mama yuko wapi?"

"Ametangulia Kangundo na mbuzi."

"Mzima?"

"Amevunjika mkono."

Akainua kamba ile begani, akaiweka chini polepole.

"Amevunjika mkono, amekwenda. Na wewe umebaki na hili?"

Niliketi kwenye ukingo wa mtaro nikalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mke na watoto, magari yanapita watu wananikodolea macho. Mzee Salim aliketi kando yangu na kofia yake safi kwenye vumbi lile. Nilipotulia akaniambia kwa upole kwamba na yeye alimpenda sana baba yangu, na kwamba hakuna fundi duniani angeweza kunitengenezea kile nilichokuwa nikizunguka kukitafuta. Akanivuta mkono nikasimama. Tukaiacha pikapu pale pale, funguo ndani, tukaingia katika gari alilokuja nalo, tukaenda.

Tulimkuta mama uani kwa wakwe, amekaa kwenye kigoda, anazungumza na kucheka, mbuzi wameshapokelewa. Mkono alikuwa ameuficha chini ya leso. Nilipoifunua, vidole vilikuwa vimevimba havikunjiki. Nikapiga magoti mbele yake bila kujali wakwe.

"Mama, Mzee Salim hakusema iko sawa."

"Najua," akasema. "Ungekuwa umeambiwa iko sawa, ungenijibu ukinitazama."

"Sasa mbona ulipanda?"

Akanishika shavu kwa ule mkono mzima. "Niliona bado hujamzika baba yako. Nikasema nikungojee kidogo."

Tukampeleka hospitali jioni ile. Mkono uliungana, lakini uliungana upande, kwa kuwa tulichelewa. Aliweza kupika na kufua na kunichapa kofi la mzaha, ila kiondo laini kama kile hakusuka tena. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kesho yake nilirudi Kamulu, nikakuta magurudumu hayapo. Nikawaita watu wa vyuma chakavu wakaikata nikiwa nimesimama pale, na nilishangaa kuwa roho haikuniuma kama nilivyoogopa. Nilinunua ile nyingine niliyokuwa nimeonyeshwa. Mama akapanda mbele, akasema kiti chake ni kigumu, akazoea.

Sasa sikwambii ununue jipya, mwanangu, wala sikwambii utengeneze. Gari kuukuu si aibu, na mimi nimeona magari ya juzi yaliyoharibika kabla ya deni kuisha. Ninachokwambia ni kwamba mimi niliuliza mafundi watatu, na kumbe nilikuwa natafuta mmoja tu, yule wa kunikubalia. Ukishajikuta unahama kutoka fundi hadi fundi na hasira kifuani, simama. Jiulize ni nini hasa hutaki kukiachia, kwa maana huenda si gari. Nami najua hiyo pikapu uliinunua pamoja na marehemu rafiki yako, kwa hiyo usinifiche.

Na tena unamjua fundi mmoja mkweli, yule ambaye hukupenda jibu lake. Rudi kwake leo. Usimwulize itadumu miaka mingapi, wala usimweleze jinsi unavyoipenda. Mwulize hivi, "Wewe ungempakia mama yako humu?" Kisha usiangalie pikapu, mwangalie yeye usoni. Akisita, umeshajibiwa, hata kama mdomo wake utasema jambo jingine kwa kukuhurumia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukwambia ukweli mapema, na akupe moyo wa kuwavumilia wakikwambia. Akulindie mkeo na mtoto wanaopanda kando yako bila kukuuliza swali kwa kuwa wanakuamini. Na siku utakayolazimika kuchagua kati ya kitu na mtu, miguu yako ikupeleke upesi kwa mtu kuliko yangu ilivyonipeleka. Amina.