Sauti ya Baba Kwenye Kaseti

Juzi kompyuta yangu iliganda. Nilimpigia simu fundi, na katikati ya maelezo sauti yake ikaanza kukatikakatika. Nikakumbuka alasiri moja utotoni, kisiwani kwetu Chovae, Somalia. Baba alikuwa ametangulia Mombasa kututafutia mahali pa kukimbilia kutokana na vita, akatutumia kaseti. Tulipokuwa tukiisikiliza, sauti yake ikawa nzito, ikajiburuta, ikanyamaza. Nililia, nikidhani anaumwa.

“Haumwi, mwanangu. Ni mawe ya redio yamekwisha,” alisema Mama, akazitoa zile betri akaziweka juani zipate nguvu kando ya papa aliyenuka ua mzima.

Tulipozirudisha redioni, Baba alisema neno moja tu: “Njooni.” Mama alikaa kitambo akiitazama nyumba. Mimi nilikimbia nje kwa furaha; sikujua kwamba kwenda kwa Baba ni kuiacha Chovae.