Dawa ya Maharage

Mimi mbwa siwapendi, niseme mapema. Walinikimbiza sana nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo nikimwona hata wa jirani natafuta jiwe. Lakini yule wa mama yangu nilimheshimu. Tangu baba afariki, ndiye pekee aliyebaki naye pale Murusagamba, akimfuata shambani na kufukuza nyani kwenye mahindi. Mama alimsemesha Kihangaza kutwa nzima. Kiswahili alikitunzia ofisi na wageni.

Nilitoka Biharamulo kwenda kumsaidia kuvuna maharage, nikakuta mbwa kazaa usiku uliotangulia. Amelala jikoni, nyuma ya mafiga, juu ya gunia kuukuu, na watoto wamemng'ang'ania matiti, macho yamefumba, wanalia vilio vyembamba vya kuudhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita polepole, usikanyage watoto wa mdogo wako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia mbwa amezeeka, huu ndio uzao wake wa mwisho, na katika wale mmoja lazima akue abaki naye. "Huyu akiondoka, nitaongea na nani humu ndani? Wewe una kwako."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Tulipura maharage uani, mvua ikikatiza tunaanua, ikiacha tunaanika tena. Kila tulipopumzika mama aliingia jikoni kuwatazama. Ndipo akaona viroboto. Walikuwa wamejaa tumboni na makwapani, na watoto wamepauka ufizi, wananyonya kwa kusinzia. Mama alisema viroboto watawamaliza. Duka la dawa za mifugo liko mbali, na barabara ilikuwa tope tupu.

Lakini ndani tulikuwa na ile dawa ya unga ya kuhifadhia maharage. Maisha yake yote mama ameichanganya na maharage, akayaosha, akatupikia, tukakua. Dawa inayoua wadudu na kumwacha mtu akiwa mzima, angeiogopea nini? Nilipokwenda kisimani aliwapaka wote kwa vidole, taratibu, kama anavyopakwa poda mtoto aliyetoka kuoga.

Niliporudi nilimkuta amefurahi, ananionyesha viroboto wanavyodondoka. Na mbwa alikuwa anawalamba watoto wake. Wiki ile ya kwanza ndiyo kazi yake, maana watoto wa mbwa hata kukojoa hawawezi mama yao asipowalamba. Aliwalamba mmoja mmoja mpaka unga wote ukaisha.

Jua lilipoinama mbwa alianza kutetemeka na kutokwa mate. Nikampigia simu bwana mifugo. Akasema tuwaoshe wote kwa sabuni na maji ya vuguvugu, upesi, na tuwakaushe vizuri. Tukaosha. Mama aliwafunga watoto kwenye kitenge chake kizuri cha kanisani, akakaa nao karibu na moto, akiwapulizia pumzi. Wakawa wanapoa mmoja baada ya mwingine mapajani mwake. Wa mwisho alimtia kifuani ndani ya gauni, na hata baada ya kufa hakutaka kumtoa.

Nilikasirika vibaya sana, na hapakuwa na wa kumkasirikia. Nilichukua lile kopo la dawa nikalitupa chooni.

Tuliwazika migombani. Mbwa alipona kwa uji na maziwa. Alirudi kwenye gunia, akalinusa, akalala pale pale, na maziwa yake yakawa yanadondoka sakafuni bila mnyonyaji. Mama aliyafuta kwa kitambaa. Kisha akanyoosha mkono amguse kichwani, kama siku zote. Mbwa aliunusa mkono ule, akainuka, akaenda kulala mlangoni. Mama alibaki amechuchumaa na kitambaa chake.

Nilirudi tena msimu mwingine. Mbwa alikuwa amekufa kwa uzee, na jikoni pamefagiliwa safi. Mama alinipakulia ugali na maharage. Kila punje ilikuwa imetobolewa na wadudu, nyingine zimebaki maganda. Nikamuuliza kwa nini hakuyawekea dawa.

"Ile haiingii tena nyumbani mwangu," alisema, akaendelea kula.