Maua Niliyoyachovya Kwenye Chai

Mimi nikiwa na jambo moyoni sikai. Nasogeza vitu. Asubuhi ile mama yangu alipokuwa njiani kutoka Mwese, nilikuwa nimeshahamisha kochi mara tatu. Mume wangu, kikombe mkononi na hana pa kukaa, akaniuliza, "Leo tunampokea mama au mkuu wa mkoa?" Nikamwambia aniache.

Mimi na mama hatukuwa tumeonana tangu masika. Masika ile nilimzika binti yangu wa miezi minne hapa Mpanda, na mama hakuja. Alipiga simu akasema barabara imekatika. Nikamjibu, "Basi sisi tumeshazika," nikakata. Akapiga tena siku zilizofuata, sikupokea. Mawifi zangu walitoka Kibaoni na matope mpaka kiunoni, wakafika. Yeye ashindwe nini? Nilikuwa na hasira naye za kutetemeka, na nilikuwa namtaka mama yangu. Vyote viwili kwa pamoja, jamani, vinachosha.

Sasa ilikuwa kiangazi na ametuma ujumbe kwamba anakuja. Nikajiapiza atanikuta nimesimama, nyumba inapendeza, aone kwamba nimeweza bila yeye. Kochi letu limechanika, pazia limepauka. Nilichoweza kununua ni maua.

Yalikuwa maua ya kitambaa, yale ya bei ya chini kabisa pale sokoni, yamefungwa mafungu mafungu kwa mpira. Meupe pee, na kila ua limewekewa tone la gundi eti umande. Umande gani huo! Nilibandua matone yote kwa kucha. Nikapika chai ya rangi, nikaiacha ipoe, nikayachovya maua humo, kisha nikayaanika kichwa chini kwenye kamba ya nguo. Weupe ule mkali ukafifia, kingo zikashika rangi kidogo kama ua lililoona jua. Majani ya plastiki nikayang'oa yote, maana hayo ndiyo yanayosema bei. Badala yake nikachuma matawi ya mpera wetu wa uani. Nikachukua koleo la mume wangu la kukatia waya nikakata mashina, mengine marefu, mengine mafupi, nikayapinda moja moja, kwa sababu hakuna ua linalosimama wima kama askari. Nikajaza kokoto kwenye chungu kidogo cha udongo nikayachomeka.

Loh, yalipendeza! Mimi mwenyewe nilinusa.

Ila sikutulia. Nikayaweka juu ya stendi ya televisheni, nikayatoa. Nikayaweka dirishani. Nikapunguza moja, nikalirudisha. Yalikuwa mezani bodaboda ilipopiga honi nje.

Mama alishuka na vumbi mpaka kwenye kope, na kiroba cha maharage. Amekonda. Nikampigia magoti, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamkaribisha kwenye kochi, nikamletea maji.

"Sikai, mwanangu. Wala maji sinywi. Nionyeshe kwanza alipolala mjukuu wangu."

Nilikosa pa kuuweka uso. Kwetu aliyekosa mazishi hakai kitako mpaka aonyeshwe kaburi, nalijua hilo tangu mdogo. Siku nzima nilikuwa namwandalia nyumba ya kukagua, kumbe yeye hakuja kukagua nyumba.

Kisha akayaona maua pale mezani. Kwetu Mwese mtu haweki maua ya dukani ndani. Yananunuliwa kwa ajili ya kaburi tu, nami kwa kukaa mjini nilishasahau. Akayasogelea, akaligusa moja kwa ncha ya kidole.

"Umeniandalia," akasema. "Nilipita dukani pale stendi, nikayaona yale meupe makali, nikasema hapana, simpelekei mtoto kitu kama kile. Nikawa nakuja na aibu, mikono mitupu. Kumbe mwanangu umenifikiria."

Nilitaka kusema hapana, mama, haya ni ya kukuringishia. Badala yake nikambebea chungu.

Makaburini si mbali, tulikwenda kwa miguu. Mama alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya kile kikaburi kidogo, akachimba kwa mikono yake, akakikaza chungu ili upepo usikiangushe. Akalia mpaka akamaliza. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Siku ile nilitembea mpaka mtoni. Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Nilikaa ng'ambo pale mpaka jioni, mwanangu, nikidhani maji yatapungua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Akanyoosha mkono akalipinda ua moja lililokuwa limesimama sana, nililolisahau, likainama kama mengine. Nikakaa chini kando yake na gauni langu la kupokelea mgeni, bega langu kwenye bega lake. Tangu alfajiri, ndiyo mara ya kwanza sikuona kitu cha kusogeza.