Kitanda Kilichogonga Kule Gikomba

Mimi siogopi kitu, ulizeni Shauri Moyo nzima. Lakini Jumamosi nilitoroka mchana peupe kutoka kwa fundi wa majeneza sokoni Gikomba, nilikokuwa nikipiga soga. Wazee wawili walikuja kuwanunulia majeneza watoto wao, wapenzi waliojiua baada ya kukatazwa kuoana.

"Kijana wako alimpotosha binti yangu," mmoja alisema.

"Ni wewe uliyekataa posa, mzee," mwenzake akamjibu.

Fundi aliweka kiganja juu ya kitanda ambacho wapenzi hao walikuwa wameagiza. "Jeneza hugonga lenyewe mtu akikaribia kufa, kabla mteja hajafika. Jumanne kiligonga kitanda hiki. Nilijua, wazee wangu, nikanyamaza."

Hapo kikagonga tena.

Najua mtaniuliza nani alaumiwe. Sisi wanne tuliangaliana tukijiuliza nani anafuata, na mimi sikungoja jibu.