Haradali ya Katekista Lambert

Papa Lambert amekuwa katekista huku Kalemie miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hakuwahi kuuona mmea wa haradali kwa macho. Hilo halikumzuia kuufahamu. Ameuhubiri mara ngapi kwa mfano wa Yesu! Mbegu ndogo, mti mkubwa, ndege wa angani matawini. Basi Mama Glodie, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, alipowaletea wakulima wa kando ya mto Lukuga mbegu hizo za kukamua mafuta, Lambert alijiona yuko kwake.

Glodie alisema mistari iachane shibiri moja na nusu, na mche na mwenzake upana wa kiganja. Samadi ya mbuzi iliyooza itawanywe kabla ya kupanda, na miche ikiinuka, kati ya mistari yalazwe majani makavu ili udongo ushike maji. Lambert akamwonea huruma. Msomi mzima, na Biblia hafungui!

"Mama, hii njo muti," akamwambia taratibu. "Muti haupandwi kama mboga ya lengalenga."

Mkewe, Mama Odile, alisikiliza yote huku akipima shibiri moja na nusu kwenye mpini wa jembe lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jioni wakaligawa shamba nusu kwa nusu. Wakapatana: atakayevuna zaidi ndiye atakayeamuru shamba lote tangu hapo, na mwenzake atatumwa kazi. Lambert akakubali upesi. Tangu waoane shamba lilisikia sauti yake tu, na kweli ya Mungu, kuipoteza sauti hiyo aliogopa kuliko kukosa mavuno.

Akapanda kila baada ya hatua sita, shimo limejaa samadi mbichi, kisha akafagia nafasi zote zikang'aa kama uwanja wa kanisa. Upande wa Odile ulitapakaa majani makavu, hata Lambert akaona haya Wakristo wakipita.

Mvua ikakata wiki tatu. Udongo wa Lambert, pamoja na usafi wake, ukapasuka. Samadi mbichi ikaunguza miche, ikabaki saba, nayo haikuvuka goti. Kila asubuhi alikwenda kutazama kama kuna ndege. Hakuna hata mmoja. Aliumia, maskini! Upande wa pili, chini ya majani makavu, udongo ulikuwa bado na unyevu. Haradali ya Odile ikasongamana, ikajaa maganda.

Maganda yalipoanza kukauka, Lambert alikuwa nyumbani akitayarisha somo la Jumapili. Mavuno yalikuwa bado, lakini nani angehitaji kuyapima? Odile akaingia, akaweka mezani kopo tupu na kijiti.

"Papa Lambert, ndege wa angani wamefika," akasema. "Ila wako upande wangu. Enda uwafukuze."

Lambert akatazama Biblia, akatazama kopo. Mapatano ni mapatano. Akafunga kitabu, akaenda shambani, akapiga kopo mpaka jua likazama.