Waliliombea Gari Ambalo Hatujalinunua

Jamani, mimi nimewahi kukaa ndani ya gari huku watu zaidi ya hamsini wakiliombea. Mchungaji kalaza mikono juu ya boneti, kwaya inaimba, mama mkwe wangu anafuta machozi ya furaha.

Tatizo lilikuwa moja tu. Gari halikuwa letu.

Na kati ya watu wote pale, ukimtoa muuzaji aliyekaa kushoto kwangu, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba lilikuwa bovu. Na sikuweza kusema.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Naitwa Ezra. Naishi Kikwe, kule chini ukitokea Usa River, mimi na mke wangu Agnela na binti yetu Marta. Mama mkwe wangu anaitwa Kaanaeli, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokusanya maziwa na kuyapeleka mjini Arusha kila asubuhi.

Pikapu yao ya zamani ilikata roho wakati wa masika. Ilizimika katikati ya tope na ndoo zote nyuma. Mpaka ikavutwa, maziwa yalishaharibika, yakamwagwa shambani wenyewe wakiangalia.

Mnunuzi mkubwa wa mjini akapiga simu. Akasema mkikosa mara moja tena, natafuta wengine.

Kwa hiyo ikahitajika pikapu mpya, ya kutegemewa, na haraka. Jumapili ile baada ya ibada, akina mama wote wakageuka kuniangalia mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilifanya kazi miaka mitano kwenye shamba la maua Usa River, na kila mtu alijua kwamba nilikuwa dereva pale, tena mwishoni nikawa fundi.

Uongo mtupu. Mimi nilikuwa naosha magari.

Sikupanga kudanganya, naapa. Siku namtongoza Agnela aliniuliza, "Pale shambani unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Niko kitengo cha magari." Akaelewa alivyoelewa, na mimi nikamwacha hivyo hivyo.

Shemeji zangu wakaanza kuniita Dereva. Baadaye wakanipandisha cheo, nikawa Fundi. Miaka sita ya ndoa nikawa naitikia tu.

Basi nikatumwa mjini kuchagua gari. Nikaenda yadi moja maeneo ya Themi, nikapokelewa na dalali anaitwa Lesian, jamaa wa miwani ya jua na maneno mengi.

"Karibu mtaalamu! Ulivyoongea kwenye simu tu nikajua huyu ndinga anazijua."

Pikapu zilikuwa mbili. Ya kwanza ya kijivu, milango miwili, vioo vya kuzungusha kwa mkono, kiti kimechanika. Ya pili nyeupe, milango minne, namba E, yaani usajili wa juzi juzi, inang'aa mpaka unaona aibu kuigusa kwa mkono wenye vumbi.

"Hii bado kitu na boksi," Lesian akasema. "Ile ya kijivu achana nayo, ni ya wazee wa kubeba mawe."

Nikafanya kama nilivyokuwa nawaona madereva wakifanya. Nikapiga teke tairi. Nikafungua boneti, nikainamisha kichwa upande, nikasema, "Mmh."

Hamtaamini "mmh" inaweza kumfikisha mwanaume mbali kiasi gani.

"Umeona eh?"

"Nimeona."

Nilikuwa sijaona kitu. Injini na mimi tunajuana kwa sura tu, na hata hiyo sura niliijua kwa sababu ya kuifuta mafuta.

Lesian akasema tukaijaribu nyeupe kwenye njia ya huko kwetu, maana barabara mbovu ndiyo mtihani wa gari. Akaomba namba ya mwenyekiti ili ampe taarifa. Nikampa.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Sisi kwetu gari halipokelewi kikavu. Likifika linaombewa, ndugu na majirani wanakula, wanakunywa chai. Na likishaombewa, nani ana uso wa kulirudisha? Lesian alilijua hilo kuliko mimi. Nilipokuwa chooni pale yadi, alishampigia Kaanaeli akamwambia, "Mkwe wako leo analeta gari."

Niliendesha mimi, maana kuyasogeza magari ya kuosha kulinifundisha hilo, na njiani gari lilikwenda safi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ndani kulikuwa na marashi makali, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua lakini nikashindwa kukumbuka nimeijulia wapi.

Tukakata kona ya nyumbani.

Vigelegele!

Kwaya imevaa sare. Matarumbeta yameshaanza. Mbuzi ameshachinjwa. Dada mmoja akaja mbio kufunga majani ya masale, yale ya baraka, kwenye kioo cha pembeni. Agnela kavaa kitenge kipya, anacheka meno yote nje.

"Baba Marta," akaniambia kupitia dirishani, "umetuheshimisha."

"Mama Marta, bado hatujanunua. Tunalijaribu tu."

Tarumbeta likameza maneno yangu. Nikarudia kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama. Hili bado..."

"Marahaba baba, marahaba! Hayo ya karatasi tutamalizia benki mchana. Kaa, usishuke."

Mchungaji Elinaza akatoa maelekezo kwamba gari linaombewa pamoja na dereva wake. Nikae kwenye usukani, nifunge vioo na mkanda, kama mtu anayesafiri.

Nilikuwa nimeshaufungua mkanda tulipofika, nikauvuta tena. Ukakwama. Nikauvuta kwa nguvu, ukatoka wote mpaka mwisho wake kabisa.

Kule mwisho, mahali ambapo mkanda hujikunja ndani ya nguzo ya mlango na hakuna anayepaona, kulikuwa na mstari wa tope kavu la kahawia. Umenyooka kabisa, mahali maji yalipofika yakasimama.

Harufu nikaikumbuka palepale. Tope lililooza chini ya zulia.

Kule shambani, mwaka mmoja mto ulijaa ukaifunika gari ya bosi hadi madirishani. Niliiosha siku tatu. Ikang'aa. Mkanda tu ndio ulionishinda, tope lilikaukia mle ndani likagoma kutoka. Miezi miwili baadaye nyaya zikaanza kuoza, na gari ikazimika katikati ya barabara kuu bosi akiwa na wanawe ndani. Mafundi wakaikatia tamaa.

Nikamgeukia Lesian. "Hili gari lilizama kwenye maji."

"Kausha, braza."

"Lilizama. Angalia mkanda."

Akainama kama mtu anayesali, akaninong'oneza. "Nani kasema? Mwosha magari?"

Nikauachia mkanda.

"Nilikuwa naleta wageni lodge ya jirani na pale kwenu," akaendelea taratibu. "Umeshanioshea gari mara mbili. Unaosha vizuri, sikatai. Ila nimesikia hapa unaitwa Fundi. Sasa ukinichomea, na mimi nakuchomea. Mkeo si yule pale? Kapendeza."

Nje maombi yalishaanza.

Mikono ilikuwa kila mahali. Kwenye kioo cha mbele, kwenye madirisha, wengine wameegemea milango. Hata kama ningetaka kushuka, mlango usingefunguka. Jua la saa sita linapiga bati, hewa hakuna, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Niliogopa kwa kweli. Niliona kama nafungiwa humo maisha yangu yote.

"Bwana," Mchungaji akapaza sauti, "mbariki mtumishi wako Ezra, uliyempa ujuzi wa magari!"

"Amina!"

"Uliyemfundisha kuzijua injini!"

"Amina!" Lesian naye akaitikia, kwa sauti kuliko wote.

Nikaanza kumwomba Mungu maombi yasiishe.

Yakaisha.

Kaanaeli akafungua mlango. Watu wakasogea karibu. "Baba Marta, wewe ndiye mjuzi wetu. Tuambie neno moja tu, gari ni zima? Twende benki."

"Kuna... kuna mlio, mama."

"Mlio wa wapi, Fundi?" Lesian akadakia, anatabasamu. "Waeleze."

"Wa... huko mbele."

Watu wakacheka wakidhani natania. Agnela alicheka kuwazidi wote, kwa kujidai, kama mke wa mtu anayejua kazi yake.

Nikaangalia ukutani kwa mama mkwe. Ndoo za maziwa zilikuwa zimeoshwa, zimepangwa kwa kufudikizwa, zinangoja kesho. Nikaliona gari lile limezimika kwenye tope na ndoo zile juu yake. Nikawaona wale mama wakimwaga tena.

Nikashuka.

"Mama, mimi sikuwa dereva. Wala sijawahi kuwa fundi. Kule shambani nilikuwa naosha magari."

Jamaa wa tarumbeta alikuwa kalipeleka mdomoni. Akalishusha.

Sikumwangalia Agnela, nilishindwa. Niliongea haraka haraka kabla ujasiri haujaniishia. Nikauvuta mkanda mpaka mwisho nikawaonyesha. Nikanyanyua zulia chini ya kiti, reli za kiti zina kutu, na kwenye kona kuna tope limeshikana na majani makavu. "Injini siijui. Lakini gari lililolala kwenye maji nalijua, kwa sababu nimewahi kuliosha."

"Mnamsikiliza mwosha magari?" Lesian akapiga kelele. "Kawadanganya miaka yote hiyo, leo ndio mkweli?"

Kaanaeli akausugua mkanda kwa kidole, akakinusa.

"Tope nalijua," akasema. "Nimelima miaka arobaini. Chukua gari lako, baba."

Mchungaji Elinaza akakohoa. "Lakini mwenyekiti, tumeshaliombea."

"Mchungaji, si tumeomba Mungu atuepushe na ajali? Ndio ameshatuepusha hivyo. Tena hata chai haijapoa."

Lesian akaingia kwenye gari na masale yake kiooni. Likawaka mara moja, likaondoka vizuri kabisa. Hapo nikaogopa upya. Je, kama nimekosea?

Kugeuka, Agnela hayupo. Kaingia ndani.

Mama mkwe akaniita nyuma ya jiko. Nikajua sasa narudishiwa barua yangu ya posa.

"Nilijua," akaniambia.

"Ulijua nini, mama?"

"Kabla hujamwoa Agnela nilikuwa napeleka maziwa jikoni kwa bosi wako. Nilikuwa nakuona na ndoo yako na matambara. Unanyanyua mpaka mazulia, wakati wenzako wanamwagia maji juu juu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Uongo ulikuwa wako. Nikasema nikupe muda. Nilidhani ni wiki moja, umekaa miaka sita. Na gari nilikutuma wewe kwa yale mazulia, si kwa injini. Injini kuna fundi, Jabiri wa pale Themi, alikuwa atukute benki alikague kabla hatujatoa hata shilingi."

Yaani mtego wote ule, jasho lote lile, nilijitegea mwenyewe. Mtu niliyemwogopa kuliko wote ndiye aliyekuwa anajua tangu siku ya kwanza.

"Mimi nimeshakusamehe zamani," akasema. "Nenda kwa mkeo. Huko ndiko kwenye kazi."

Kazi ilikuwepo kweli. Agnela hakunisemesha wiki nzima. Chakula anaweka mezani, anatoka. Usiku ananigeuzia mgongo. Siku ya nane ndipo akaongea.

"Kuosha magari si aibu. Baba yangu alikuwa anachimba vyoo, nikampenda. Ila nimekusifia kwa watu miaka sita, Ezra. Kanisani, sokoni, kwa dada zangu. Na wewe unasikia, umenyamaza. Umeniacha nidanganye bila kujua."

Nililia, siwafichi.

Pikapu tuliyonunua ni ile ya kijivu. Safari hii nilimwambia Jabiri ukweli mapema: "Wewe angalia injini, mimi nitaangalia uchafu." Alilala chini ya gari saa nzima, mimi nikanyanyua zulia na kuvuta mikanda yote miwili. Misafi. Mpaka leo ile gari ya wazee wa kubeba mawe haijawahi kuchelewesha maziwa, hata masika ya mwaka huu.

Ile nyeupe niliiona tena, miezi mitatu baadaye, pembeni ya barabara ya Moshi. Boneti juu, masale yamekauka kiooni. Mwenyewe, mzee wa makamo, kakaa kwenye jiwe kashika kichwa. Sikufurahi hata kidogo. Siku ile nilipowaokoa wa kwangu, ningeweza pia kurudi Themi nikasimama pale yadi nikasema. Sikurudi.

Mimi somo langu ni hili. Ukienda kununua gari usiishie kusikiliza injini, vuta mkanda mpaka mwisho. Na kama kuna jina watu wanakuita na unajua si lako, likatae leo, wakati bado wako wawili watatu. Usisubiri wafike hamsini na tarumbeta.

Siku hizi kila asubuhi, maziwa hayajapakiwa, naiosha pikapu ya kikundi mpaka chini ya mazulia. Juzi akaja mgeni, akauliza mimi kule Usa River nilikuwa nafanya kazi gani.

Kabla sijafungua mdomo, Agnela akaweka ndoo ya maji miguuni pangu, akamjibu.

"Alikuwa anaosha magari."

Halafu akaokota tambara la pili, akaanza na upande wake.