Wiki Ambayo Sanduku la Dawa Halikuwa na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kucheka. Tulikuwa tumepangwa kwenye benchi la kituo cha afya, washauri wa afya wapya wa vijiji vya mlima wetu, na Titileri akapita mbele yetu polepole kama mwalimu anayetafuta mwenye chawa. Titileri ni mkuu wa kituo cha afya. Ni jina lililobaki tangu enzi za Kifaransa na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Huyu wetu alikuwa mtu mfupi, amesomea uuguzi Bukavu, na Kiswahili chake kilitoka hukohuko.

"Weye," akasimama mbele yangu, "sababu gani unacheka?"

"Sicheki, Titileri. Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Basi uende na ule uso kwa mama mwenye mtoto mugonjwa. Atasema unamucheka."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi ndiye pekee niliyenyamaza.

Wadogo zangu mtakaosoma haya, najua mtashangaa. Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye fimbo, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Lakini kazi yangu imestaafu, nami nimestaafu pamoja nayo, na ninaona vibaya ipotee bila mtu kusema ilivyokuwa ikifanywa.

Kwanza, hatukuomba kazi kwa barua. Mshauri wa afya alichaguliwa na kijiji. Hata hapa ndani ya Kigali tuna vijiji, ni mtaa wa nyumba chache zinazojuana. Wagombea walisimama mbele, na Mkuu wa kijiji akasema kila mtu aende asimame nyuma ya anayemtaka. Hakuna siri hapo. Unaona kwa macho yako nani amekupenda na nani amekupita. Tulikuwa wawili. Mimi, Jolie, niliyekulia Karagwe na kuiacha sekondari njiani baba alipofariki. Na jirani yangu Mama Ineza, aliyesoma Uganda mpaka akamaliza, nguo zake zimepigwa pasi hata siku ya kulima. Mstari wangu ulikuwa mrefu mpaka ukapinda kona. Wake ulikuwa mfupi, na mumewe, Baba Ineza fundi wa milango ya chuma, alisimama kwenye mstari wangu.

Baadaye alijitetea kwamba hakutaka mke wake agongewe mlango saa zote na watoto wa watu. Labda ni kweli. Lakini tangu siku hiyo Mama Ineza hakunisalimia. Watoto wake wakiugua aliwabeba mgongoni mpaka kituo cha afya, mlima mzima, wakati nyumba yangu na yake zimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Tulifanya kazi wawili wawili, mwanamke na mwanamume. Mwenzangu alikuwa Mzee Gaspari, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyenifundisha sanduku. Lilikuwa la mbao, lenye kufuli, na ndani mna vipimo vya haraka vya malaria, utepe wa kupima mkono wa mtoto kama amekonda, dawa za kuharisha, dawa za nimonia, na saa ndogo ya kuhesabia pumzi. Hiyo saa ndiyo niliyoipenda na kuiogopa. Unafunua shati la mtoto, unabonyeza saa, unatazama tumbo likipanda na kushuka mpaka saa ilie. Pumzi ulizohesabu zikiupita mpaka fulani, ni nimonia. Mpaka wenyewe siuandiki hapa, msije mkajifanya madaktari.

"Kuhesabu si kazi," Mzee Gaspari alikuwa akisema. "Kazi ni kungoja mtoto aache kulia. Akilia, unahesabu kilio."

Na alikuwa na amri nyingine: usimpime mtoto wako mwenyewe. Mpe mwenzako. Alisema macho ya mzazi huona anachokiomba au anachokiogopa, na tumbo la mtoto hayalioni kabisa.

Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, na sitadanganya, niliifanya kwa wasiwasi tangu asubuhi hadi jioni. Nikifua nguo nasikiliza nani anakohoa. Kanisani, kwaya ikiimba, mimi natega sikio kwa mtoto wa benchi la nyuma. Mama akiniambia "ameamka vizuri, sha, dada yangu, asante", namshukuru Mungu, halafu naenda kuchungulia mwenyewe.

Kisha yakaja mabadiliko. Titileri alituita tena kwenye lile benchi, safari hii akaketi pamoja nasi, na hapo nikajua jambo si jema.

"Bon," akasema. "Washauri wa sasa watapima na presha, na sukari, na kila kitu kitaingia mu telefone. Wanataka wenye kumaliza sekondari. Nyinyi mumefanya kazi ya kweli. Mukabizi masanduku."

Mzee Gaspari alikuwa amechoka, alifurahi. Wiki ileile alikwenda kwa binti yake Kayonza. Mimi nilikabidhi Jumatatu. Kijijini kwetu mwenye sekondari aliyekubali kazi alikuwa mmoja tu, na hakuhitaji mstari. Sanduku likaingia nyumbani kwa Mama Ineza. Alikuwa amemaliza mafunzo ya darasani, lakini hakuruhusiwa kutibu mpaka muuguzi aje asimame naye kwa wagonjwa wa kwanza. Na muuguzi angekuja wiki iliyofuata.

"Na wiki hii, Titileri?" niliuliza.

"Wiki hii watoto wasiugue," akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa anatania.

Hebu fikirini. Sanduku lilikuwa nyumba moja, mazoea ya kulitumia nyumba nyingine, na ruhusa haikuwa kwenye nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Na ilikuwa msimu wa mvua.

Siku ya Alhamisi nikaanza kusikia kikohozi kupitia ukutani. Alikuwa Gisa, mtoto wa mwisho wa Mama Ineza, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Kilikuwa kikohozi kikavu. Ijumaa kikawa kifupi kifupi, kama mtu anayekatizwa maneno. Nikatoka, nikamkuta Baba Ineza anachomelea geti la mtu.

"Gisa anakohoa," nikamwambia.

"Ni baridi tu. Na mama yake iko na sanduku sasa," akajibu kwa fahari, akashusha kinga yake ya uso, cheche zikaruka.

Nilitaka kumwambia sanduku halipimi lenyewe. Nikaona nitaonekana nina kijicho, mtu aliyenyang'anywa kazi anamtafutia mwenzake kosa. Nikarudi ndani, nikaketi upande wa ule ukuta.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Maduka yamefungwa, pikipiki hazitembei, kila mtu na jembe lake. Tulikuwa tunazibua mtaro wa maji ya mvua. Nilimwona Mama Ineza akitelemka kutoka kwake, mtoto mgongoni, sanduku mkononi. Watu walimpisha wakidhani anaelekea kituoni. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

"Jolie." Hakuwa ameniita jina miaka yote ile. "Nimehesabu. Kila nikihesabu napata ingine."

"Mimi nimekabidhi, Mama Ineza. Siruhusiwi."

"Najua. Mimi niko na sanduku na siwezi. Wewe unaweza na huna sanduku. Tufanye nini, tumwangalie?"

Majembe yote yalikuwa yamesimama. Mkuu wa kijiji akasema, "Mpigie Titileri." Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, huku nikimtazama Gisa mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi, pua zinapanuka. Safari ya pili akapokea, na nyuma yake nikasikia majembe pia. Hata yeye alikuwa kwenye mtaro wa kijiji chake. Nikamweleza.

"Hesabu," akasema.

"Sina ruhusa, Titileri."

"Nakupa miye. Mutu akiuliza, useme ni miye."

"Na kama nikikosea—"

"Jolie! Acha kuongea. Hesabu."

Mtu akapindua toroli, mwingine akatandika koti lake juu yake. Tukamweka Gisa mapajani mwa mama yake. Akalia, kilio kisicho na sauti. Nikangoja. Nikamtolea ulimi, nikakunja pua, nikafanya kila upuuzi ninaoujua, na watu wazima wa mlima mzima wamesimama kimya wananitazama. Alipotulia nikafunua shati na kubonyeza saa.

Sikuhitaji kungoja saa ilie. Kila alipovuta pumzi, chini ya mbavu palibonyea ndani, kama mtu anayefinya mfuko mtupu. Lakini nilihesabu mpaka mwisho, maana ndivyo nilivyofundishwa. Pumzi zilikuwa zimeupita mpaka kwa mbali. Mama Ineza akampa titi, mtoto akageuza uso. Tukampa maji kwa kifuniko cha chupa, yakarudi.

"Hapa hakuna dawa ya sanduku," nikasema. "Ni hospitali, sasa hivi."

Pikipiki hakuna. Mkuu wa kijiji akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa lililo karibu liko njiani na mgonjwa mwingine. Baba Ineza alikuwa anazunguka palepale, jembe mkononi, hajui aliweke wapi. Ndipo akatokea Bwana Odhiambo, jirani yetu Mkenya mhasibu wa ofisi moja kule Kimihurura, kwenye mabuti ya mvua yaliyomzidi miguu.

"Gari yangu iko hapo juu," akasema. "Lakini barabara imefungwa. Polisi wakinishika nitasema nini?"

"Utasema una mtoto mgonjwa," Mkuu wa kijiji akamjibu.

"Wataniamini?"

"Mzee, washa gari!" Baba Ineza akapiga kelele, na Bwana Odhiambo akakimbia na mabuti yake.

Tulisimamishwa mara moja. Askari aliinama dirishani tayari kutugombeza, akaisikia ile pumzi, akajiondoa na kutupungia mkono tupite. Mama Ineza alikuwa kando yangu nyuma, Gisa nimempakata mimi.

"Unajuaje kama umehesabu sawa?" akaniuliza.

"Sijui. Najua tu nimehesabu."

Alilifikiria jibu hilo mpaka tukafika Kibagabaga.

Pale hospitali ya wilaya walimpokea mikononi mwangu, wakamwekea mirija ya hewa puani, daktari akasema ni nimonia kali na kwamba tumefanya vizuri kutosubiri jioni. Hakusema atapona. Siku mbili hakuna aliyelisema hilo neno. Baba Ineza alikuwa akinipigia simu kila mara, si kwa sababu ya habari, kwani yeye ndiye aliyekuwa hospitalini, bali aniulize kama pumzi alizozihesabu yeye sasa hivi ni nzuri. "Baba Ineza," nikamwambia, "wewe usihesabu, unalia." Siku ya tatu Gisa aliomba chai ya maziwa. Nilipoambiwa niliketi chini kwenye tope la uwanja, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Muuguzi alikuja wiki iliyofuata kama ilivyopangwa, akasimama na Mama Ineza, akaridhika naye. Nami nikawa mstaafu kwelikweli.

Mnaweza kuniuliza kama mambo ya sasa ni mabaya. Hapana. Bibi mmoja wa nyumba iliyo karibu na bomba la maji alikuwa akianguka anguka na sisi tukimpa maji ya sukari. Washauri wapya walimpima presha mlangoni kwake, leo anakwenda sokoni. Sisi tusingejua. Ninachoomba, wakubwa wakisoma, ni kwamba wakibadilisha tena wasiache nafasi katikati, hata ya wiki. Ugonjwa haungoji makabidhiano.

Jioni sasa ninasoma sekondari kule Kicukiro, nimekaa na watoto walionizidi hesabu na ninaowazidi makelele. Nataka kuwa muuguzi. Msinicheke. Ninajiona kabisa, nimevaa koti jeupe, natembea kwenye wodi, na Titileri, mzee sana, amelazwa na kunilalamikia uso wangu.

Lakini wasiwasi haujastaafu. Bado nasikiliza ukuta.

Alasiri moja mlango ukagongwa. Mama Ineza, na sanduku. Alikuwa ameitwa nyumba ya mwisho ya kijiji, mtoto ana homa na kikohozi, na hii ndiyo mara ya kwanza anakwenda bila muuguzi.

"Jolie, hii hofu inaishaga lini?"

Nikaufungua mlango wote.

"Mimi haikuisha, Mama Ineza."

Akahamisha sanduku mkono wa pili. "Twende."

"Sigusi kitu, lakini."

"Nani amekuambia uguse? Simama tu mlangoni, nikuone."

Tukaenda. Mama wa mtoto alimkaribisha yeye, si mimi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akafunua shati. Mtoto akalia. Mama Ineza akaishika saa bila kuibonyeza, akangoja. Mtoto akaendelea kulia, naye akaendelea kungoja, kijasho kinamtoka shingoni, na mimi pale mlangoni nimeishika miimo kwa mikono yote miwili, nisije nikaingia.